Haki ya Ndege

Mtu wa kwanza kumwita mjomba wangu Bahous mwizi ni mimi, na wala sikufungua mdomo. Niliandika alama mbili za sawasawa, moja kando ya nyenzake, nikabonyeza kitufe, nikaenda kumwaga majani ya chai. Niliporudi, kazi ilikuwa imekwisha.

Wakati ule nilikuwa nafundisha hesabu chuoni Adrar, na kila likizo nilirudi kijijini kwetu jangwani, mwendo wa saa moja kutoka Timimun, kula tende na kugombana na mama. Mwaka huo nilirudi na kompyuta na wazo. Wazo la msomi likiingia kijijini ni afadhali angeingia mbwa, maana mbwa utamtupia jiwe akimbie.

Wazo lenyewe lilikuwa jema, msinicheke. Sisi tunaishi kwa fogara, mfereji uliochimbwa chini ya ardhi na mababu, unaovuta maji kutoka uwandani hadi kwenye kasria. Kasria ni jiwe refu lililochongwa meno kama chanuo. Maji yanaingia upande mmoja, yanatoka kwa mianya kumi na saba, na kila mwanya una bustani yake na ugomvi wake. Kwetu mtu harithi ardhi tu, anarithi maji. Maji yanaolewa, yanauzwa, yanawekwa wakfu kwa msikiti. Kipimo chake ni habba, na habba moja ina kirati ishirini na nne, na kirati nayo ina vijikirati ishirini na nne. Anayezijua zote hizo, nani ana ngapi na kwa nini, ni hasibu wa maji. Hasibu wetu ni mjomba Bahous, na kabla yake alikuwa baba yake, na kabla ya hapo babu yake.

Mjomba alikuwa na vitu viwili ambavyo hakuna mtu mwingine aliyevigusa. Kimoja ni zimamu, daftari la haki za kila mtu. Cha pili ni bamba la shaba lenye matundu ya kila ukubwa. Siku ya kupima, bamba linasimamishwa mbele ya mwanya, hasibu anaziba na kuzibua matundu kwa udongo mpaka maji yasimame kwenye mstari uliochorwa, yasipande wala yasishuke. Kisha anahesabu matundu yaliyo wazi. Hesabu yenyewe anaifanya kwa kidole mchangani, na akimaliza anaifuta kwa kiganja.

Nilimwomba anipe zimamu niinakili kwenye kompyuta ili warithi wasije wakapigana. Alinipa bila kuuliza. Safu ya kwanza niliandika haki ya kila bustani kama ilivyo daftarini. Safu ya pili niliandika kipimo cha mwisho, tundu kwa tundu, kirati juu ya kirati, nikaiachia programu ijumlishe. Halafu nikaiuliza: safu hii ni sawa na ile? Programu yangu ya hesabu haina maneno mengi. Ukiipa safu mbili kulinganisha, inajibu mstari kwa mstari, moja ikiwa ndiyo, sifuri ikiwa hapana.

Nilirudi na birika mkononi nikakuta sifuri kumi na moja. Na mbele ya sifuri hizo amesimama Haji Lekbir.

Haji Lekbir ni mwenyekiti wa jumuiya ya fogara. Alikuwa amekuja kumjulia hali mama, akaiona skrini inawaka, na Haji Lekbir hapiti kando ya kitu kinachowaka bila kukitazama. Si mtu mbaya. Ni mtu wa kupenda vitu vipya, na kwa miaka alikuwa akisema tufunge mabomba na mita, tuachane na mambo ya kuchora mchangani.

"Binti, hizi sifuri maana yake nini?" aliuliza.

"Maana yake si sawa," nikasema. Mwalimu mzima, nikajibu kama mwanafunzi aliyeulizwa jina lake.

"Nini si sawa na nini?"

"Haki na kipimo."

Alihesabu kwa kidole, mstari kwa mstari. "Kumi na moja kati ya kumi na saba," alisema polepole. Chai hakunywa. Kabla ya adhana ya alasiri kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba kompyuta ya Umelkheri imemkamata Bahous na maji ya watu kumi na moja.

Mama aliacha kusema nami. Kwa mama, hilo ni jambo kubwa kuliko kupigwa. Jioni hiyohiyo mjumbe wa jumuiya alipita nyumba kwa nyumba: Alhamisi asubuhi, mkutano kwenye kasria. Kama sifuri zile hazitaelezeka, Bahous atakabidhi bamba na zimamu mbele ya watu.

Nilikaa na ile skrini mpaka macho yakaniuma. Kilichonitia wazimu ni kwamba nambari zilikuwa zilezile. Mstari wa tisa, kwa mfano, bustani ya Haji Lekbir mwenyewe: haki yake mbili, nukta, tatu saba tano sifuri. Kipimo chake mbili, nukta, tatu saba tano sifuri. Ndugu mapacha. Nikiuliza kama ni sawa, naambiwa hapana. Nikiuliza kama ya kwanza ni ndogo kuliko ya pili, naambiwa hapana. Nikiuliza kama ni kubwa, naambiwa ndiyo. Kubwa kwa nini? Kwa kipi?

Siku ya pili mchana nilichukua kompyuta kwapani nikaenda kwa mjomba. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, yote mazuri.

"Ingia, mshtaki wangu," alisema kabla sijagonga.

"Mjomba, mimi sikusema kwamba—"

"Najua hukusema. Kasema huyo uliyembeba. Mlete hapa tumwone."

Alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na dirisha, trei mbele yake, birika na mkate wa mviringo. Hakuwa na hasira, nami ningependa angekuwa nayo. Alinimiminia chai, kidole cha shahada kikiwa ndani ya ukingo wa glasi, akaacha kumimina chai ilipokigusa. Niliona. Nikadhani ni uzee tu.

"Haya," alisema. "Huyu anajua kusema nini?"

"Akilinganisha vitu viwili ana majibu mawili. Moja ni ndiyo. Sifuri ni hapana."

"Hana labda?"

"Hana."

"Hana Mungu ndiye ajuaye?"

"Hana, mjomba."

"Maskini," alisema, na alimhurumia kweli. "Hebu muulize tano inaipita tatu?"

Niliandika 5 > 3. Moja.

"Muulize tatu inaipita mbili?"

Moja.

"Vizuri, si mjinga. Sasa muulize yote kwa mkupuo. Tano iipite tatu, na tatu iipite mbili. Usimkatie pumzi."

Niliandika 5 > 3 > 2 kama alivyotaka. Kompyuta ikajibu sifuri.

Nilimsomea. Mjomba alicheka mpaka kilemba kikamteleza sikioni. "Huyu ndiye shahidi wenu? Huyu ndiye wa kuninyang'anya bamba la baba yangu?"

"Subiri, mjomba, ana sababu yake. Anaanza na tano na tatu. Anapata ndiyo, yaani moja. Basi tano na tatu anazitupa, anabaki na ile moja mkononi. Halafu anauliza kama moja inaipita mbili. Haiipiti."

"Kumbe. Jibu analikumbuka, swali kalisahau."

"Ndivyo hasa."

"Kama Lekbir," alisema, akanywa chai yake.

Nilicheka pia, na nilipokwisha cheka nilijisikia vibaya zaidi. Alhamisi ilikuwa kesho kutwa. Lakini mjomba alikuwa ameshajisogeza, kichwa kimeinama upande, kama anavyofanya akisikiliza maji chini ya ardhi. Alitaka kujua. Nadhani wakati ule alikuwa amesahau kwamba ni yeye anayeshtakiwa.

"Hizo mbili za Lekbir zinazofanana. Je, amekuonyesha zote? Au kakuonyesha uso tu?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Kwa kawaida programu inaonyesha tarakimu nne baada ya nukta, ili isimchoshe mtu. Niliiamuru ionyeshe kila kitu ilichonacho, kisha nikatoa nambari moja katika nyingine. Hapo ikatokea: sifuri, nukta, sifuri kumi na tano zimepangwa foleni, na mwisho kabisa nne.

"Kitu kipo," nikasema. "Kidogo mno. Lakini kipo."

"Kimetoka wapi? Mimi sikukiandika."

"Wala mimi."

"Basi kakileta yeye." Alikuna kidevu. "Niambie, kwa nini mababu walichagua ishirini na nne?"

"Kwa sababu inagawanyika vizuri."

"Nusu iko ndani. Theluthi iko ndani. Robo, sudusi, thumuni, zote zimo. Mtu akifa kaacha mke, mama na watoto, kila mmoja anaondoka na kipande kizima. Huyu wako, yeye anavunja kwa ngapi?"

Hili nalifundisha kila mwaka, wiki ya pili. Naliandika ubaoni, wanafunzi wanalinakili, nafuta ubao. Sikuwahi kukaa nalo hata dakika moja kama kitu cha kweli kinachotokea kwa watu.

"Kwa mbili," nikasema.

"Mbili tu?"

"Nusu, nusu ya nusu, nusu ya nusu ya nusu. Hana kingine."

"Na theluthi?"

"Hana theluthi, mjomba."

Alinisukumia mkate na kisu. "Tugawie watu watatu. Mimi, wewe, na mama yako aliyenuna. Lakini kisu chako kinajua kukata nusu tu."

Nilikata nusu, nikakata tena nusu. Robo nne. Robo yake, robo yangu, robo ya mama, ikabaki robo moja. Nikaikata nusu na nusu tena, kila mmoja kipande, kikabaki kipande. Nikakikata vilevile. Kikabaki. Kisu kilikuwa kinakata makombo sasa, na mjomba alikuwa akiangalia kwa furaha.

"Endelea."

"Hakuna kisu cha kuendelea, mjomba."

"Naye akifika hapo anafanyaje?"

"Anakata mara hamsini na kitu, halafu anaacha. Kinachobaki anakitupa, au anakiongeza kwa mmoja wetu."

"Na ukijumlisha kirati kwa kirati, kila kirati ina kombo lake."

"Makombo yanarundikana. Haba na haba." Safu ya kwanza niliigawanya mara moja tu. Safu ya pili niliijumlisha tundu kwa tundu. Ilikuwa mikate miwili iliyokatwa kwa njia mbili, na mimi nikaenda kuuliza kama makombo yao yanalingana.

Mjomba alikusanya makombo ya trei nzima kwa ubavu wa kiganja, akayarusha dirishani. Shomoro walishuka ukutani kabla hayajatua.

"Haki ya ndege," alisema.

"Nini?"

"Hujui? Umesoma kote huko na hili hujui? Pale kwenye kasria, maji yakizidi au yakipungua chini ya lile tundu dogo kabisa la bamba, hatuyaandiki. Hayana mwenyewe. Hiyo haki ya ndege. Wewe umezaliwa hapa, hujawaona wanavyokunywa kwenye jiwe lenye unyevu?"

Nilikuwa nimewaona maisha yangu yote.

"Kwa hiyo umemuuliza vibaya," aliendelea. "Usimuulize kama ni sawa. Maji na maji hayajawahi kuwa sawa tangu dunia iumbwe. Muulize kama tofauti yao inawatosha ndege tu."

Niliandika palepale, kwenye mkeka wake. Toa haki katika kipimo, usijali iliyo kubwa, kisha uliza kama kinachobaki ni kidogo kuliko tundu dogo kabisa. Tundu dogo kabisa ni kijikirati kimoja, yaani habba moja kugawanywa kwa mia tano sabini na sita. Nikabonyeza. Moja, moja, moja, mpaka chini. Kumi na saba zote.

Nilimbusu kichwani. Alisema nimeacha chai ipoe.

Alhamisi asubuhi watu walijaa pande zote mbili za kasria, wanaume mbele, wanawake ukutani, mama yangu miongoni mwao akiwa amejifunika mpaka macho. Niliweka kompyuta juu ya kreti ya tende iliyogeuzwa. Nilieleza habari ya mkate. Nilieleza kwamba ile tofauti ya mstari wa tisa nimeipigia hesabu. Habba yetu inatoa lita tatu na nusu kwa dakika. Kama Bahous alimwibia Haji Lekbir kiasi kile, basi ameiba tone moja kwa kila miaka elfu sitini.

Walicheka. Mzee Mebrouk, mwenye bustani ya mwanya wa kwanza, alisema yuko tayari kumlipia Haji tone lake leo, tena na la mbele.

Haji Lekbir hakucheka, lakini pia hakukasirika. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayefikiri, na hapo ndipo nilipoanza kumheshimu.

"Nimekuelewa, binti," alisema. "Ila na wewe nielewe. Juzi mashine ilisema hapana mara kumi na moja. Leo umeiambia isamehe tofauti ndogo, na ukubwa wa msamaha umeuchagua wewe. Nani kakupa?"

"Mila, Haji. Tundu dogo kabisa."

"Sawa. Nakubali tundu. Lakini nambari za kipimo kazitoa Bahous, na chekecheo kakupa Bahous. Mwenye unga asiwe ndiye mwenye chekecheo. Tupime upya, sasa hivi, wote tunaona. Yeye apime kama kawaida yake, ila matundu uyahesabu wewe, uyaandike. Kompyuta haiogopi sura ya mtu."

Watu walinung'unika kwamba ni haki. Mjomba alisema, "Ni haki," akakunja kanzu yake akapiga magoti majini.

Tulianza na mwanya wa kwanza. Mjomba alisimamisha bamba, akabandika udongo, akabandua, akasogeza sikio karibu na maji, akasoma Alhamdu mpaka mwisho, maana huo ndio muda anaopimia utulivu wa maji. "Sawa," alisema, nami nikainama nikahesabu matundu, nikaandika. Wa pili. Wa tatu. Jua lilipanda. Nilianza kugundua kwamba haangalii bamba. Uso wake ulikuwa umeelekea maji, lakini kazi yote ilikuwa ya vidole. Kidole kilipita juu ya matundu makubwa, kikatulia, kikapita juu ya madogo bila kutulia.

Kwenye mwanya wa tisa alibandika udongo juu ya tundu la mwisho la kirati, na udongo ukakaa pembeni. Nusu kidole pembeni. Tundu likabaki wazi, uzi mwembamba wa maji ukipita. Mjomba alisoma Alhamdu. "Sawa," alisema, na kwa sauti akahesabu za kwake, kirati tisa juu ya habba mbili, kama ilivyo daftarini.

Mimi nilihesabu kumi.

Niliandika kumi. Ile glasi ya chai ilinijia, kidole ndani ya ukingo. Zimamu niliyopewa bila kuulizwa ilinijia pia, kwa sababu asiyeweza tena kusoma daftari hana sababu ya kulishikilia. Tulimaliza mianya minane iliyobaki, na sikumbuki hata mmoja.

"Haya, muulize," alisema Haji Lekbir.

Nilibonyeza. Moja, moja, moja, na mstari wa tisa sifuri, na moja tena mpaka chini. Skrini ilikuwa inanitazama mimi peke yangu, watu walikuwa upande wa pili. Ningeweza kufuta mia tano sabini na sita na kuandika ishirini, na sifuri ile ingegeuka moja, na hakuna mtu hai kijijini ambaye angejua. Mjomba angerudi nyumbani na bamba lake. Nakiri nilishaweka kidole kwenye kitufe cha kufutia.

"Soma, binti yangu," alisema mjomba. Alikuwa bado amepiga magoti. "Soma kama ulivyoona."

"Zote moja," nikasema. "Isipokuwa wa tisa. Wa tisa ni sifuri."

"Inapungua au inazidi?" aliuliza Haji Lekbir haraka, maana wa tisa ni wake.

Sikuhitaji kuiuliza mashine, lakini niliiuliza, ili nipate muda. Kipimo kinaipita haki? Moja.

"Inazidi, Haji. Kirati moja."

Kicheko kilichotoka hapo kilisikika barabarani. "Kikulacho ki nguoni mwako!" alisema Mebrouk, na mwingine akauliza kama kirati hiyo Haji alikuwa anaioga au anaiuza. Haji Lekbir aligeuka rangi. Aliapa kwa Mungu kwamba hajawahi kugusa jiwe lile usiku wala mchana, na jinsi alivyozidi kuapa ndivyo walivyozidi kucheka. Wakati ule ningeweza kunyamaza pia. Lingetosha. Shutuma ilikuwa imeshahama mtu.

Mjomba alisimama, maji yakimchuruzika magotini.

"Mwacheni," alisema. "Haji hakuiba kitu. Lile tundu la mwisho nilidhani nimeliziba. Tangu mwaka juzi matundu madogo siyaoni. Nahesabu kwa kidole. Na kidole changu kinene kuliko kirati."

Hakuna aliyecheka tena. Mama alifunua uso kabisa. Mjomba aliliinua bamba la shaba, akalifuta kwa kanzu, mbele na nyuma, akalinyoosha kuelekea mahali ambapo sauti ya Haji Lekbir ilikuwa imetoka. Alikosea kidogo. Alikuwa analinyoosha kwa Mebrouk.

Haji Lekbir alipiga hatua mbili akasimama mbele yake. Bamba lilikuwa sasa kifuani kwake. Lilikuwa jambo alilolitaka kwa miaka, na hakulipokea.

"Kwanza punguza kirati isiyo yangu," alisema. "Kesho nikifa nitaulizwa. Wewe ndiye hasibu, rekebisha."

"Sioni, Lekbir. Nimekwambia."

"Nimesikia. Hesabu unayo kichwani, au nayo imetoka?"

"Hesabu iko."

"Basi." Aligeuka akatafuta kwa macho, akapita wanaume wote waliokuwa mbele, akanifikia mimi nyuma ya kreti. "Huyu si anaona? Mwenye chekecheo na mwenye unga, kila mmoja na lake. Shika, binti."

Mebrouk alianza kusema kwamba toka enzi mwanamke hajawahi kupiga magoti kwenye kasria. Mama yangu, ambaye alikuwa hajasema nami kwa siku tatu, alisema kutoka ukutani, "Na toka enzi kipofu hajawahi kutupimia maji, ila mmekunywa miaka miwili." Mebrouk akasogea kando kunipisha.

Nilivua viatu. Maji ya fogara yanatoka chini ya ardhi yakiwa na joto lake, hayashtui miguu. Nilisimamisha bamba mbele ya mwanya wa tisa. Mjomba alipiga magoti nyuma yangu, mkono begani pangu. Niliziba tundu la kumi kwa udongo, nikalibana kwa kidole gumba, na maji yakaanza kupanda nyuma ya shaba. Nilisogeza jiwe dogo linalobana mwanya, kama alivyonielekeza, unene wa ukucha. Maji yakashuka. Yakaukaribia mstari.

Alianza kusoma Alhamdu sikioni mwangu, taratibu. Niliinama mpaka pua ikakaribia maji. Kutoka mbali ule ni mstari mmoja tu. Kutoka karibu ni mdomo wa maji unaotetemeka, unapanda unywele, unashuka unywele, na hakuna mahali unaposimama kabisa. Shomoro alitua kwenye jino la pili la jiwe, akachovya, akaruka.

"Sawa?" mjomba aliuliza.

Siku tatu kabla, swali hilohilo nililijibu kwa kitufe kimoja nikaenda kumwaga majani ya chai.

"Bado, mjomba," nikasema. "Anza tena Alhamdu."